Madereva Wetu Warudi Kwenye Njia Mbovu

Barabara ya lami itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko, hata ikafika Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92. Kabla ya kujengwa kwake katika miaka ya 2010, dereva aliyeondoka Arua wakati wa mvua hakuthubutu kumtajia mkuu wake saa ya kufika Koboko. Alipakia beleshi, panga, kamba na chakula cha akiba, akasema watafika Mungu akipenda, akaondoka. Leo dereva wa gari lile lile, au mwanawe aliyerithi kazi, hufika Koboko kwa muda wa saa moja hivi, na sare yake ingali na mikunjo ya pasi.

Hapana mwenye akili timamu atakayeilaumu lami. Wagonjwa hufika hospitali wangali hai, wafanyabiashara wa Arua hupeleka bidhaa zao Oraba na kurudi siku hiyo hiyo, na mkulima wa tumbaku hamngoji tena mwenye lori kwa wiki nzima. Sisi tu miongoni mwa wanaoishukuru. Hata hivyo twaona imetupasa kusema wazi jambo ambalo katika kambi na vituo husemwa kwa kunong'ona tu, nalo ni kwamba madereva wetu wa jeshi na polisi wamesahau njia mbovu. Wazee walioijua wamestaafu. Vijana wamejifunza udereva juu ya lami, wakapewa mtihani juu ya lami, kisha wakakabidhiwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya mawe, mchanga na matope. Rai yetu ni kwamba warudishwe huko kwa makusudi na kwa ratiba, kabla dharura haijawarudisha kwa nguvu.

Ndugu askari, tuitazame kazi yenyewe. Ni mara ngapi mwizi wa ng'ombe amekimbilia kwenye lami? Ni mara ngapi magendo yamevushwa kwenye geti la forodha la Vurra au Oraba, mbele ya macho ya maofisa, ilhali njia za panya zimejaa kila upande? Wilaya ya Koboko inapakana na nchi mbili, Kongo kwa upande mmoja na Sudan Kusini kwa upande mwingine, na karibu na Oraba mipaka ya nchi tatu hukutana mahali paitwapo Salia Musala. Lami katika wilaya hiyo ni uzi mwembamba. Ludara, Kuluba, Midia na Lobule zina vijiji ambavyo huwezi kuvifikia ila kwa njia ya udongo, na baadhi yake kwa njia ambayo jana ilipitwa na mbuzi na leo imepitwa na maji. Kazi ya askari huanza pale lami inapokwisha. Dereva ambaye ujuzi wake nao unakwisha papo hapo amemfikisha mwenzake nusu ya safari tu.

Tumekwisha kuonywa. Vita vilipowaka upya nchini Sudan Kusini mwezi wa Julai 2016, watu walimiminika kuvuka mpaka. Kambi ya Bidi Bidi katika wilaya ya Yumbe ilifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka huo, na katika muda wa miezi michache ikawa na wakimbizi zaidi ya 250,000. Mwezi wa Februari 2017 ikafunguliwa Imvepi. Maji ya kunywa yalipelekwa huko kwa malori. Watu wote hao walihitaji ulinzi, chakula na dawa kwa njia za udongo zilizokuwa hazijapata kubeba mzigo wa namna hiyo. Lori la maji likikwama mbele, yote yaliyo nyuma husimama, na mtu mwenye kiu hajui habari za klachi wala gia.

Sasa tuseme juu ya magari yenyewe, kwa sababu kosa kubwa la siku hizi ni kuamini kwamba gari ndilo linalojua. Gari la fowili, yaani lile ambalo injini husukuma magurudumu yake yote manne, limezungukwa na imani nyingi za uongo. Dereva hulipata, akalipenda, akaona kwamba sasa hapana mahali pasipopitika. Matokeo yake hukwama kama wengine, ila hukwama mbali zaidi na msaada.

Tumeliona gari moja la serikali, na hatutasema ni la nani, limelala katika kijito ambacho watoto walikuwa wakikivuka kwa miguu wakicheka. Dereva alikuwa ameuvuta ule mkono mfupi wa gia kama alivyoelekezwa, akakanyaga mafuta, na magurudumu ya nyuma yakachimba mpaka ekseli ikakaa juu ya tope. Magurudumu ya mbele hayakugeuka hata kidogo. Gari lilikuwa la aina ile ya zamani ambayo sharti dereva ashuke na kufunga habu mbili za magurudumu ya mbele kwa mkono, moja kulia na moja kushoto, ndipo nguvu ifike mbele. Alikuwa ameliendesha miaka miwili, wala hakujua kwamba vile vifuniko vyenye alama vilikuwa na kazi. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mlevi. Hakufundishwa.

Tena si habu peke yake. Ndani ya ekseli mna mashine ya meno iitwayo difu. Huyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa mwendo tofauti gari linapokata kona, maana gurudumu la nje huenda mbali kuliko la ndani. Barabarani difu ni rafiki. Katika matope hugeuka kuwa adui, kwa sababu nguvu hukimbilia gurudumu lililo jepesi kuzungushwa, yaani lile lililopoteza mshiko. Hilo huzunguka bure likijichimbia kaburi, na mwenzake aliye juu ya ardhi kavu husimama kimya. Basi gari la fowili lisilo na kufuli ya difu laweza kusimamishwa na magurudumu mawili tu, moja la mbele na moja la nyuma. Askari anayelijua jambo hili hachagui njia kwa kutazama tope, bali kwa kutazama ni gurudumu gani litakanyaga wapi. Asiyelijua huongeza mafuta, na kila anapoongeza huzama.

Kuna na upande wa pili wa ujinga huo huo. Wako madereva ambao hufunga fowili asubuhi na kuiacha hivyo siku nzima, hata juu ya lami, kwa kudhani kwamba nguvu nyingi ni usalama mwingi. Kwa magari mengi tuliyo nayo jambo hilo ni la kuyaua. Kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo sawa. Udongo huyapa nafasi ya kuteleza kidogo, lami haiyapi, na shafti na meno hujikaza mpaka kitu kivunjike. Fundi atakapolifungua gari hilo atasema vipuri ni vibovu, mwenye duka atamwuzia vingine, na hazina ya taifa italipa.

Huenda mtu akadhani tunayaabudu magari ya siku hizi na kuwadharau waliotutangulia. La hasha, historia yatufundisha kinyume cha hayo. Mwaka 1941 askari wa KAR, ambao miongoni mwao walikuwamo vijana wengi wa Uganda, walitoka kaskazini ya Kenya pamoja na wenzao wa Afrika ya Magharibi na ya Kusini, wakapita ukame na mchanga, wakaingia Mogadishu tarehe 25 Februari. Tarehe 6 Aprili majeshi hayo yakaingia Addis Ababa. Safari yote ilizidi kilomita 2,700, nayo ilikwenda kwa muda usiofika siku 60, kwa malori ambayo leo dereva kijana angeyakataa kwa kuyatazama tu. Hapakuwa na fundi wa kupigiwa simu. Mtu alilijua gari lake kama mfugaji amjuavyo ng'ombe wake, kwa sauti.

Katika vita hivyo hivyo palikuwa na Mwingereza mmoja, Ralph Bagnold, ambaye habari zake zafaa kusomwa na kila mkuu wa usafirishaji. Kati ya vita vile vikubwa viwili alikuwa akizunguka jangwa la Libya kwa magari madogo ya Ford, yeye na rafiki zake, kwa fedha zao wenyewe, na wengi waliona ni upuuzi wa watu wenye nafasi. Alistaafu mwaka 1935. Vita vilipoanza mwaka 1939 akarudishwa jeshini, na mwaka 1940 akaruhusiwa huko Misri kuunda kikosi cha kupita jangwani nyuma ya Waitaliano. Aliwachukua kwanza askari wa New Zealand, wengi wao wakulima, watu waliozoea kutunza mashine mbali na mji. Malori yao mengi ya mwanzo ya Chevrolet hayakuwa hata ya fowili. Yalisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Walipita kwa akili. Walipunguza upepo wa tairi. Walibeba vipande virefu vya chuma vya kutandika chini ya gurudumu lililozama. Waliunganisha rejeta na mtungi ili mvuke usipotee, ugeuke tena kuwa maji. Walisoma njia kwa dira ya jua. Hivyo mchezo wa watu wenye nafasi ukawa elimu ya vita, na mtu aliyekuwa amekwisha kuliaga jangwa akarudi kulitumia.

Karibu zaidi na wakati wetu ni habari za Chad. Mwaka 1987 majeshi ya Libya yalikuwa yameikalia kaskazini ya nchi hiyo kwa vifaru na ndege. Wachad, wakisaidiwa kwa silaha na Ufaransa na Marekani, waliwajia kwa magari mepesi ya Toyota yaliyobeba makombora ya kuvunja vifaru. Tarehe 2 Januari waliitwaa Fada, na tarehe 22 Machi wakaitwaa kambi kubwa ya Ouadi Doum. Dunia ikaviita vita vya Toyota. Sisi twadhani jina hilo limewanyima haki wenyewe. Libya nayo ingeweza kununua Toyota. Kitu ambacho haikuweza kununua ni dereva aliyezaliwa kando ya mchanga ule, ajuaye ni wapi unabeba na wapi unameza.

Nao polisi wasidhani kwamba habari hii ni ya jeshi peke yake. Toyota ilipotengeneza gari lake la kwanza la namna hii mwaka 1951, dereva wa majaribio alilipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha sita, na walioliona na kuliagiza mapema walikuwa polisi wa Japani. Jina la Land Cruiser lilikuja baadaye, mwaka 1954. Basi gari ambalo leo husimama mbele ya kila kituo cha polisi kutoka Nebbi hadi Moyo lilianza maisha yake kwa kupanda mlima mbele ya askari polisi, na si kwa kusindikiza misafara ya wakubwa kwa king'ora.

Wako watakaosema kwamba mifano ya jangwa haituhusu, kwa kuwa West Nile ni nchi ya mvua, ya miembe na mihogo. Tutawajibu mara mbili. Kwanza, kuanzia Desemba hadi Machi nchi hii hukauka, na ukishuka kutoka miinuko ya Arua kuelekea Rhino Camp na bonde la Nile utakuta mchanga katika makorongo makavu, na mahali pengine udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka kama ngozi ya mamba na masika hushika gurudumu kama gundi. Pili, askari wa Uganda hakai Arua maisha yake yote. Tangu mwezi wa Machi 2007 majeshi yetu yamekuwa Somalia, na polisi nao walipeleka vikosi vyao Mogadishu. Kijana aliyetoka Koboko amejikuta akiendesha gari zito katika mchanga wa Shabelle, mahali ambapo njia iliyozoeleka ndiyo njia iliyotegwa bomu. Hapo kujua kuiacha barabara na kurudi salama si ufundi wa ziada. Twajua wako wenzetu waliojifunza jambo hilo huko huko, na si wote waliopata muda wa kumaliza somo.

Somo lenyewe si refu. Linahitaji subira kuliko nguvu, na kwa sababu hiyo huwachosha vijana. Kwenye mchanga punguza upepo. Tairi ya ratili 35 ikiteremshwa hadi 18 hivi hulala na kupanua unyayo wake, kama unyayo wa ngamia, na gari lililokuwa likizama huelea. Lakini sharti kuwe na pampu ya kuurudisha upepo huo kabla ya kufika kwenye mawe au lami, la sivyo tairi itakatika au kuchomoka. Kwenye mteremko mkali tumia gia ndogo ya nguvu na uiachie injini izuie. Mguu ukae mbali na breki, maana gurudumu lililofungwa na breki juu ya utelezi halina tena usukani. Vidole gumba vikae nje ya duara la usukani. Jiwe likilipiga gurudumu la mbele, usukani wa gari la kale hurudi kwa nguvu ya kuvunja kidole, na dereva mwenye kidole kilichovunjika katikati ya doria ni mgonjwa badala ya dereva.

Juu ya maji twaomba tusikilizwe kwa makini zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokufa. Enyau, Kochi na vijito vinavyomwaga ndani yake huweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, mbingu ya hapo ulipo ikiwa safi kabisa. Sheria ni moja: kama huwezi kupavuka kwa miguu, usipavuke kwa gari. Ashuke mtu mmoja, amefungwa kamba, apapime kwa fimbo. Maji yaendayo kwa kasi yakifika sentimita 60 yanaweza kulichukua gari kubwa, maana gari ni sanduku la bati lenye hewa ndani, na huelea kabla ya kuzama. Afande aliyeketi mbele akisema "pita tu", dereva awe na haki ya kukataa. Tunalisema hili tukijua uzito wake katika majeshi yenye nidhamu. Hata hivyo rubani wa ndege hupewa haki hiyo na hapana anayemwita mwasi. Aliyeshika usukani penye maji naye apewe, na iandikwe katika amri za kudumu.

Twajua hoja ya gharama. Mhasibu atasema mafuta ni ghali, springi ni ghali, na mazoezi ya kukwama kwa makusudi ni anasa. Twamwomba atazame hesabu zake vizuri. Gari moja lililovunjwa difu kwa kutojua limekwisha kula mafuta ya mazoezi mengi. Lori lililopinduka likiwa na askari 20 haliingii katika hesabu yoyote tunayoijua.

Iko hoja nyingine iliyo nzito kuliko ya fedha, nayo ni ya wananchi. Watu wa Arua na Koboko wanayo kumbukumbu yao ya mngurumo wa magari ya jeshi. Baada ya vita vya 1979, na hasa tangu mwezi wa Oktoba 1980, mamia ya maelfu waliyaacha makao yao wakavuka kwenda nchi zilizoitwa wakati huo Zaire na Sudan, na wengine hawakurudi kwa miaka mingi. Aliyekuwa mtoto siku zile leo ni babu, lakini akisikia gari zito likikata vichaka usiku bado huweka bakuli chini na kusikiliza. Amani iliyotiwa sahihi Yumbe tarehe 24 Desemba 2002 kati ya serikali na wapiganaji wa UNRF II haikuifuta kumbukumbu hiyo. Iliipa nafasi ya kupumzika tu. Kwa hiyo mazoezi tunayoyataka yasianze kwa magari kutokea ghafla nyuma ya nyumba za watu. Mwenyekiti wa kijiji aambiwe wiki moja kabla. Wazee waulizwe njia, maana wao ndio wanaojua ni korongo gani lilihama mwaka jana. Shamba la muhogo au ufuta likikanyagwa, alipwe mwenyewe siku ile ile, mkononi, na si kwa kujaza fomu inayokwenda Kampala. Na jioni, kabla ya kuondoka, magari hayo yenye winchi yaweza kuvuta gogo lililoziba njia ya kisima au kusawazisha mteremko wa kivuko. Mtoto atakayeliona lori la kijani likifanya hivyo atakuwa na kumbukumbu tofauti na ya babu yake.

Mazoezi haya tungependa yawe namna gani? Si adhabu. Katika vikosi vingine tumesikia kwamba dereva hupelekwa njia mbovu anapokosa adabu, na mwenye kupendwa hubaki mjini kumwendesha mkubwa. Utaratibu huo umewafanya madereva waione njia mbovu kuwa aibu. Ugeuzwe. Asipandishwe cheo dereva yeyote ambaye hajakaa nje ya lami siku zisizopungua kumi kwa mwaka, nusu kiangazi, nusu masika. Atoe upepo na kuurudisha. Abadilishe gurudumu juu ya udongo laini, mahali ambapo jeki huzama isipotandikiwa ubao. Alitoe gari la mwenzake kwa kamba bila kumwua mtu. Kamba au mnyororo uliokazwa ukikatika huruka kama risasi, na wanaopenda kusimama karibu kutazama wafukuzwe mapema, hata wakiwa na nyota begani. Utingo na askari wa nyuma nao wafundishwe, kwa sababu gari halichimbuliwi na dereva peke yake.

Baada ya hapo yawepo mashindano. Mchezo huwafundisha watu mambo ambayo amri haiwezi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakizipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mmoja wa mabingwa wake wakubwa kuliko wote ni mzaliwa wa nchi yetu, Shekhar Mehta, aliyeshinda mara 5: mwaka 1973, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Alishinda kwa Datsun zisizo za fowili. Gari la fowili halikushinda Safari mpaka mwaka 1987, Hannu Mikkola alipokuja na Audi. Mbio hizo lakini si mfano wetu, kwa kuwa hatutaki kuwafundisha askari kwenda mbio zaidi ya wanavyokwenda sasa. Mfano wetu ni yale mashindano ya Kenya yaitwayo Rhino Charge, yaliyoanzishwa mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Humo washindani hupewa vituo vilivyotawanywa porini na muda wa saa kumi, naye anayeshinda ni yule aliyevifikia vyote kwa kwenda kilomita chache kuliko wenzake. Mwendo kasi hauna tuzo. Tuzo ni ya anayesoma ardhi, anayeshuka na kutembea kwa miguu kabla ya kuingia, anayejua lini azunguke jabali na lini alipande.

Hebu tufikirie mashindano ya namna hiyo kati ya jeshi na polisi, magari kumi kwa kumi, vituo vikiwekwa kando ya mlima Liru na katika makorongo yashukayo Kochi. Raia wa Koboko watakuja kutazama, na kina mama watauza chai na mandazi. Polisi, ambao hudharauliwa kidogo na jeshi katika mambo ya porini, huenda wakashinda, maana wao huzijua njia za vijijini kwa sababu ya kesi zao. Sisi tungeweka dau upande wao, lakini msituulize ni kiasi gani.

Wakati unaofaa kuanza ni Januari, udongo ukiwa mkavu na mashamba yakiwa yamevunwa, ili mazoezi ya mchanga na mawe yamalizike kabla ya mvua za Aprili. Yale ya matope yangoje Agosti. Magari yatakayotumika yakaguliwe kwanza na mafundi wa kikosi: habu, winchi, bomba la hewa, na tairi ya akiba, ambayo katika magari mengi tuliyoyatazama ndiyo iliyochakaa kuliko zote nne zinazokanyaga ardhi. Beleshi zinunuliwe sokoni Arua, zenye mpini mfupi, maana mrefu hauingii chini ya gari.